Stefano Kaoze, mwalimu wa Marungu aliyekuwa padri wa kwanza wa Kongo

Anayeshuka bandarini Moba anakuta mji wa sehemu mbili. Chini kando ya ziwa ni Moba-Port. Juu, kunakoanza baridi ya milima ya Marungu, ni Kirungu. Huko juu ndiko Mapadri Weupe walikojenga misioni mwaka 1893 wakaiita Baudouinville, kwa jina la mwana wa nyumba ya kifalme ya Ubelgiji aliyekufa akiwa kijana. Nje ya jimbo la Tanganyika, wengi wamelisikia jina la Moba kwa mambo mengine: samaki, wakimbizi, na vita ya mwaka 1984, wakati waasi wa Laurent-Désiré Kabila walipouteka mji kwa muda mfupi. Lakini Kirungu ndiko, tarehe 21 Julai 1917, mtoto wa Marungu aitwaye Stefano Kaoze alipopewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati zetu. Kabla ya siku hiyo na baada yake alikuwa mwalimu na mwandishi. Mwishoni akawa pia mtu wa kusemea wenyeji mbele ya serikali ya Wabelgiji.

Inafaa kusema nyakati zetu, kwa sababu ufalme wa zamani wa Kongo, kule upande wa bahari, ulikuwa na mapadri wake karne nyingi kabla, na hata askofu: Henrique, mwana wa mfalme Afonso, katika miaka ya 1500. Njia hiyo ilizimika. Huku ziwani mambo yalianza upya, na yalianza kwa damu.

Kaoze alizaliwa karibu mwaka 1886 katika nchi ya sultani Manda, ndani ya jamaa ya sultani mwenyewe. Watabwa wa wakati ule walikuwa wanaishi katikati ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyovuka ziwa kwenda Ujiji na pwani. Mwaka 1883 ofisa Mbelgiji, Émile Storms, alijenga boma Mpala. Mwaka uliofuata watu wake walimwua Lusinga, sultani aliyekuwa na nguvu kubwa katika sehemu hizo, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 boma la Mpala likapita mikononi mwa Mapadri Weupe. Miaka miwili baadaye akaja kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, kuwalinda kwa bunduki. Kardinali Lavigerie, aliyewatuma mapadri hao Afrika, aliota ufalme wa Kikristo ukisimama kando ya ziwa. Hiyo ndiyo nchi ambamo Kaoze alifungua macho: mtoto wa nyumba ya sultani, wakati usultani wenyewe ulikuwa umeanza kuangalia upande wa misioni kabla ya kukata shauri.

Watoto wengi wa kwanza wa Mpala walikuwa waliokombolewa utumwani. Hawakuwa na kwao pa kurudia, na misioni iliwalea, ikawaozesha, ikawapa viwanja. Kaoze hakuwa mmoja wao. Alikuwa na mjomba, ukoo, kijiji na lugha ya wazee. Alipoingia masomo ya misioni alikuwa na mahali pa kurudi siku yoyote aliyotaka, na tofauti hiyo ilimfuata maisha yake yote. Ubatizo ulimpa jina la Stefano. La Kaoze hakuliacha.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 askofu Victor Roelens, Mbelgiji aliyeongoza Kanisa la Kongo ya Juu, aliamua kufungua Mpala masomo ya juu zaidi, yenye Kilatini, ili siku moja yatoe mapadri Weusi. Wazungu wengi, hata ndani ya misioni, waliona ni ndoto. Walisema Mweusi anaweza kuwa katekista mzuri na fundi mzuri wa matofali, lakini falsafa na teolojia, na zaidi ya yote kuishi bila mke, vitamshinda. Roelens mwenyewe hakuwa mtu wa haraka. Alikuwa mkali, na katika maandishi yake aliwatazama Waafrika kama mzazi anavyotazama watoto. Lakini alijenga masomo, akayapa walimu na miaka ya kutosha. Padri Auguste Huys, ambaye baadaye alikuwa askofu msaidizi wake, ndiye aliyebeba kazi ya darasani.

Mwaka 1905 seminari ilihamishwa kutoka Mpala kwenda Lusaka. Lusaka hii ni ya Marungu, isichanganywe na mji mkuu wa Zambia. Miaka hiyo ugonjwa wa malale ulikuwa unamaliza watu kwenye mwambao wa ziwa; vijiji vilibaki vitupu.

Wanafunzi walioanza walikuwa kundi, na mmoja mmoja waliondoka. Wengine walioa wakawa makatekista na walimu wa vijijini, na kazi yao isidharauliwe: ndio waliosambaza kusoma na kuandika, pamoja na Kiswahili cha misioni, katika Marungu nzima. Kaoze alibaki. Alipopanda kwenda Baudouinville kwa masomo ya seminari kubwa, alifika mahali ambapo hakuna mwenzake wa rangi yake aliyekuwa amefika. Walimu walikuwa Wazungu, vitabu vilikuwa vya Kilatini na Kifaransa, na hakukuwa na wa kumwiga. Kwao kijijini, kijana wa umri wake asiye na mke wala shamba wala mtoto alikuwa jambo lisiloeleweka. Kwa misioni alikuwa jaribio: kila kosa lake lingehesabiwa kuwa kosa la Weusi wote.

Toka alipoingia masomo ya Mpala hadi siku ya upadri ilipita karibu miaka 18. Padri Mzungu hakungojea hivyo.

Akiwa bado mwanafunzi, Kaoze alifanya jambo ambalo hakuna Mkongomani aliyekuwa amelifanya. Aliandika kwa Kifaransa maelezo marefu juu ya akili, moyo na tabia za watu wake. Maandishi yalifika Ubelgiji, Mjesuiti Arthur Vermeersch akayatambulisha kwa wasomaji, na gazeti liitwalo La Revue congolaise likayachapisha mwaka 1910 na 1911 kwa jina La Psychologie des Bantu, yaani elimu ya nafsi ya Wabantu. Vermeersch hakuwa mtu mdogo. Miaka michache kabla alikuwa ameandika kitabu cha kuushambulia utawala wa mfalme Leopold II katika Kongo, na hoja juu ya kazi ya kulazimishwa, mpira na ardhi ya wenyeji zilikuwa bado moto.

Swali lililokuwa mezani huko Ulaya lilikuwa baya, na lilikuwa wazi: je, Mweusi anafikiri? Kaoze hakulijibu kwa hasira. Alilijibu kama mwalimu. Alichukua mambo yaliyofundishwa darasani, yaani akili, kumbukumbu, nia, maono ya moyo, akaonyesha kila kimoja kinavyofanya kazi kwa watu wa Marungu: katika lugha yao, katika methali, katika namna ya kuamua kesi, katika huruma kwa mgeni, katika haya na katika ujanja. Mtu anayetunga methali amekwisha kupima jambo na kulilinganisha na jingine. Mtu anayeona haya anajua jema na baya. Hoja ilikuwa nyepesi hivyo, na mpinzani alipata shida kuijibu bila kujiaibisha.

Maandishi hayo yana pande mbili, na msomaji wa leo anaweza kukwama kwenye upande wa pili. Kaoze alikuwa mwanafunzi wa misioni mpaka kwenye mifupa. Mila nyingi za wazee anaziona kwa jicho la walimu wake, anaziita giza, na anawashukuru Wazungu kwa namna inayochoma sikio. Wengine wamemwona kwa hiyo kama mtu wa Wazungu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kila neno lake lilisomwa na wakubwa kabla ya kuvuka bahari, na katikati ya shukrani zile amepitisha jambo ambalo ukoloni wote ulisimama juu ya kulikana: kwamba watu wa Marungu walikuwa watu kamili kabla ya mashua ya kwanza ya misioni kufika.

Mwaka 1945 padri Placide Tempels, Mfransiska aliyekuwa anafanya kazi Katanga, alichapisha kitabu juu ya falsafa ya Wabantu. Dunia nzima ilikisoma, na mpaka leo ndicho kinachotajwa kwanza. Wakati huo maelezo ya Kaoze yalikuwa na miaka 35, yamelala katika gazeti la zamani. Tempels alikuwa Mzungu anayesimulia jinsi Weusi wanavyofikiri. Kaoze alikuwa Mweusi anayefikiri mbele ya macho ya wote. Aliyesikilizwa alikuwa wa kwanza.

Mwaka 1917 ulikuwa mwaka wa vita. Ziwa lilikuwa limetulia tu tangu mwaka uliotangulia, baada ya meli za Waingereza na Wabelgiji kupigana na za Wadachi, na Tabora kuangukia mikononi mwa askari wa Kongo mwezi wa tisa 1916. Ubelgiji yenyewe ilikuwa imekaliwa na Wadachi. Roelens alichagua tarehe 21 Julai, sikukuu ya taifa la Wabelgiji, kumpa Kaoze upadri. Padri Mweusi wa kwanza wa koloni alizaliwa siku ya bendera ya koloni, na haikutokea kwa bahati.

Watu wa Moba husahau mara nyingine kwamba majirani nao walikuwa njiani. Uganda ilikuwa na mapadri wake wawili wa kwanza tangu 1913. Rwanda ilipata wawili mwezi wa kumi 1917, chini ya miezi mitatu baada ya Kaoze. Wote hao walipewa upadri wawili wawili. Kaoze alikuwa peke yake.

Baada ya hapo alirudi darasani, safari hii akikaa upande wa ubao. Alifundisha katika seminari ya Lusaka, mahali pale pale alipokuwa mwanafunzi. Kwa vijana wa miaka ile, kumwona mtu wa kwao akieleza Kilatini kulifanya kazi ambayo hotuba isingeweza kufanya. Mwaka 1920 Roelens alimchukua Ulaya. Kaoze alifika Roma na Ubelgiji. Roma ya wakati huo ilikuwa inazungumza juu ya Afrika: mwezi wa sita mwaka huo Papa Benedikto XV aliwatangaza mashahidi wa Uganda kuwa wenye heri. Miezi michache kabla, mwezi wa kumi na moja 1919, Papa huyo alikuwa ametoa waraka juu ya misioni ambao uliwakwaza wamisionari wengi. Alisema mapadri wenyeji wasiandaliwe kuwa wasaidizi tu wa wageni, bali waandaliwe kuongoza watu wao wenyewe.

Kaoze aliporudi aliendelea kuwa chini ya wageni.

Alitumwa mbali na kwao, Nyangezi, katika nchi ya Bashi karibu na Bukavu ya leo. Wakati ule Kivu hiyo ilikuwa bado mikononi mwa Roelens; ilitengwa mwaka 1929 tu. Huko Kaoze alikuwa mgeni kama Mzungu yeyote. Lugha haikuwa yake, mwami hakuwa jamaa yake, vyakula vilikuwa vingine. Alifanya kazi ya misioni na ya masomo kwa miaka mingi. Wanaozoea kusema kwamba Tanganyika na Kivu hazina historia moja wangepaswa kuikumbuka safari hiyo: mtu wa Moba akifundisha watoto wa Nyangezi katika miaka ya 1920, na Kiswahili kikiwa daraja.

Mwaka 1933, miaka 16 baada ya upadri, alipewa hatimaye misioni ya kuongoza. Ilikuwa Kala, upande wetu wa ziwa, na ilikabidhiwa kwa mapadri Wakongomani chini yake. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na magazeti ya misioni yalilisifu. Lilikuwa pia na upande mwingine. Weusi walipewa nyumba yao, Wazungu wakabaki na zao, na Kaoze hakuwekwa popote kuwa mkubwa wa padri Mzungu. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na mkono ulikuwa bado juu ya kitasa.

Kuwa tena katika nchi ya Watabwa kulimrudisha kwenye jambo ambalo hakuwa ameliacha kamwe: historia ya watu wake. Aliwasikiliza wazee, akaandika jinsi koo zilivyofika, nani alitangulia, nani alimpa nani ardhi, jina gani lilitoka wapi. Maandishi hayo yanajulikana kama historia ya Bena-Kilunga. Leo wataalamu wa historia ya Marungu hawawezi kuyapita, hata wale wanaogombana nayo.

Na kuna sababu ya kugombana nayo. Katika utawala wa Wabelgiji historia ya ukoo ilikuwa kama hati ya shamba. Bula Matari alitaka masultani wachache, wanaojulikana, wenye mipaka iliyochorwa. Ofisa aliuliza nani mkubwa wa kweli katika nchi hii, na jibu liliamua nani apokee kodi, nani avae nishani, nani awe chini ya nani. Padri anayeandika Kifaransa safi alikuwa shahidi wa uzito mkubwa kuliko mzee asiyejua kusoma. Kaoze alikuwa pia wa jamaa ya Manda, na alipoandika hakusahau alikotoka. Koo nyingine zilizosimulia mambo kwa namna tofauti hazikuwa na Kaoze wao. Kwa sehemu kubwa ndiye aliyewafundisha watu wa milima na wa mwambao kujiona kabila moja, Watabwa, lenye mwanzo mmoja. Kazi hiyo imewafaa wengi, na imeacha nje wengine.

Roelens alikuwa askofu, lakini kwa mzee wa kijiji mwenye shauri la ardhi, Kaoze alikuwa mtu wa kumwendea. Aliijua sheria ya Wazungu na ya nyumbani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali yenyewe ilianza kuona haja ya kusikia sauti za Wakongomani, angalau chache. Kaoze aliitwa kuwa mjumbe wa Tume ya Kulinda Wenyeji. Tume hiyo Leopold II aliianzisha mwaka 1896 ili kuzima kelele za Ulaya juu ya ukatili, na kwa miaka mingi Wazungu ndio walioketi humo kuwazungumzia Weusi wasiokuwepo. Uwezo wake haukuwa mkubwa. Ilitoa maoni, gavana aliyapokea au aliyaacha. Lakini mtoto wa Marungu aliyezaliwa kabla Baudouinville haijajengwa sasa alikuwa anaketi kwenye meza ambayo watu wake walikuwa wamejadiliwa kwa miaka 50.

Roelens alikufa Baudouinville mwaka 1947. Kaoze alimfuata mwaka 1951. Mwaka uliofuata, Aloys Bigirumwami wa Rwanda akawa askofu Mweusi wa kwanza katika nchi zilizotawaliwa na Ubelgiji. Kongo ilingoja hadi 1956, alipowekwa Pierre Kimbondo. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954 tu. Ndiyo maana uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongomani wenye shahada za chuo kikuu walihesabika kwa urahisi, lakini mapadri wenyeji walikuwa mamia. Seminari ilikuwa karibu mlango pekee wa masomo ya juu kwa Mweusi, na wa kwanza kuupita mpaka mwisho alikuwa amepitia Mpala, Lusaka na Kirungu.

Baudouinville ikawa Moba, Albertville ikawa Kalemie. Maandishi ya Kaoze yaliendelea kulala. Mwaka 1979 padri na mtaalamu wa falsafa A. J. Smet aliyatoa tena Kinshasa, pamoja na barua zake kadhaa, na wanafunzi wa falsafa wakagundua kwamba hadithi waliyofundishwa, ile inayoanza na Tempels, ilikuwa imerukwa ukurasa wa kwanza. Mwaka 2017 ulitimiza miaka 100 tangu siku ile ya Kirungu, na mwaka 2018 kazi zake zote zilikusanywa katika kitabu kimoja kilichotoka Brussels, kikitayarishwa na Maurice Amuri Mpala-Lutebele, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Jean-Claude Kangomba. Jina la Mpala limerudi hapo kwenye jalada, ndani ya jina la mtayarishaji, chini ya jina la Kaoze.